Bana Pesa, Usibane Maji: Nasaha kwa Vijana Waendao Namibia kwa Lifti

Wanangu,

Nimesikia mipango yenu. Mmeona kwenye simu picha za matuta mekundu ya mchanga ya Sossusvlei, mmechanga vijisenti, na sasa mnataka kutoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, mshuke Lusaka na Livingstone, mvuke mto Zambezi, kisha muizunguke Namibia kwa kuomba lifti na kulala kwenye mahema. Siwazuii. Tembea uone, walisema waliotutangulia, nami sina la kuwapinga. Ila asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ningependa mrudi na miguu yenu yote.

Nchi ile naijua kutoka kwenye kebini ya semi. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuvuta shaba kutoka Lubumbashi hadi bandari ya Walvis Bay na kurudi na makontena. Kwa hiyo haya ninayowaambia ni maneno ya mtu aliyekuwa akiombwa lifti. Wanaosafiri kwa bei ya chini husimulia barabara walivyoiona wakiwa wamesimama kando. Ni vizuri mkasikia pia inavyoonekana kwa aliyeshika usukani.

Neno langu kuu ni moja, na yote yatakayofuata ni kulifafanua: anayebana pesa asibane maji, asibane muda, asibane adabu. Hivyo vitatu ndiyo nauli yenu. Ukivikosa, hata pochi ikijaa hutafika.

Kwanza ielewe nchi. Kosa kubwa la kijana wa kwetu ni kuipima Namibia kwa macho ya nyumbani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 825,000, haipungui sana kwa Tanzania. Lakini sensa yao ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 3 na kidogo tu, wakati sensa yetu ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Tena hao milioni 3 hawakutawanyika sawasawa. Sehemu kubwa wako kaskazini, karibu na mpaka wa Angola, na wengine wako Windhoek. Mkoa wa ||Kharas, kusini kabisa, una zaidi ya kilomita za mraba 160,000, na huwezi kupata hata mtu mmoja kwa kila kilomita.

Sasa fikirini maana yake barabarani. Gari likikuharibikia kati ya Chalinze na Morogoro, hujafungua hata boneti, watu wameshafika: fundi, mwenye ndizi, mtoto na ndoo ya maji, na mwingine aliyekuja kutazama tu. Namibia haiko hivyo. Katikati na kusini mwa nchi, pande zote mbili za barabara kuna uzio wa mashamba makubwa ya mifugo, makumi ya kilomita bila kukatika. Ukiona geti, nyumba yenyewe inaweza kuwa kilomita kumi ndani, na kuruka uzio wa mtu ni kosa. Hakuna kijiji nyuma ya kilima, hakuna mama ntilie, hakuna bodaboda. Ukishushwa njia panda, upo wewe na kivuli chako, kama saa hizo kivuli kipo.

Ndiyo maana nasema maji kwanza. Kila mmoja abebe lita tano zake, na ajaze kila anapokuta sheli, hata kama kopo limepungua nusu tu. Maji ya bomba katika miji yao hunyweka, kwa hiyo hamna sababu ya kubana. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua huko linachoma kupita kiasi. Wa sita na wa saba mchana ni mzuri, lakini usiku jangwani baridi hushuka hadi maji kuganda. Atakayekwenda na shuka la Dar es Salaam atalia. Pwani nako, Swakopmund na Walvis Bay, mkondo wa bahari wa Benguela huleta ukungu mzito wenye baridi, bahari iko pale pale lakini hutamani kuvua hata fulana. Kati ya mwezi wa kwanza na wa nne ndipo mvua hunyesha, na mito mikavu hupata maji ghafla. Usipige hema ndani ya mto mkavu kwa sababu tu mchanga wake ni laini. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali, wewe uko chini ya nyota, na maji yakakukuta usingizini. Huko kaskazini-magharibi tembo nao huifanya mito hiyo kuwa njia zao.

Nije kwenye lifti. Wenyewe huita kwenda kwa *hike*, na si jambo la watalii. Mwalimu anayekwenda kazini, mama anayetoka kliniki, mwanafunzi anayerudi nyumbani Oshakati, wote husimama sheli au mwisho wa mji kusubiri gari. Mabasi ni machache na vituo viko mbali. Kwa hiyo lifti pale ni usafiri wa umma uliojipanga wenyewe, na usafiri una nauli. Lifti ya bure ipo, lakini usiitegemee. Uliza watu unaosimama nao wanalipa kiasi gani hadi unakokwenda, kisha patana na dereva kabla hujaweka begi. Kijana aliyepanda kimya na kusema mwisho wa safari kwamba alidhani ni bure amemwibia mtu mafuta, na amemharibia atakayesimama hapo kesho.

Sasa niwaambie dereva anaona nini. Nakuja na tani thelathini nyuma yangu. Kulisimamisha gari la namna hiyo ni kazi, na kuliondoa tena ni kazi nyingine. Ukisimama kwenye kona au kwenye mteremko nitapita, hata kama moyo unaniambia nisimame. Simama mahali ninapokuona mapema na ambapo nimeshapunguza mwendo: sheli, kizuizi cha polisi, mwisho wa mji. Simama asubuhi. Vua miwani ya jua nikuone macho. Begi liwe moja, nguo ziwe safi. Mkiwa wanne msijitokeze wawili huku wengine wamejificha kichakani. Dereva akishagundua hila hiyo ataondoka, na hata hao wawili atawaacha. Na dereva akisimama, anza kwa salamu. Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, lakini barabarani utasikia Oshiwambo, Kiafrikana, Kilozi na nyingine nyingi. Jifunze kusalimu walau kwa mbili kati ya hizo kabla hujavuka mpaka.

Jueni pia kwamba kampuni nyingi za malori haziruhusu dereva kubeba abiria. Bima haiwahusu, na dereva akikamatwa kibarua kinaota nyasi. Ukimng'ang'ania dereva wa lori mpaka aone haya, unamwomba aweke rehani chakula cha watoto wake. Akikataa mshukuru. Akikubali kaa kwa adabu, usilale, zungumza naye. Safari kutoka Katima Mulilo hadi Windhoek ni kama kilomita 1,200, na barabara iliyonyooka, isiyo na kona wala watu, hulaza dereva kuliko pombe. Sisi madereva wengine tulimpenda abiria kwa hilo tu, kwamba alituweka macho.

Ninyi nanyi mna haki ya kumchagua dereva. Kabla ya kupanda, msalimie kwa karibu na usikie pumzi yake. Tazama matairi. Tazama kama nyuma ya pikapu wamepakiwa watu hadi juu ya kingo. Mwisho wa mwezi, Pasaka na mwezi wa kumi na mbili, watu wa Windhoek humiminika kwenda makwao kaskazini kwa barabara ya B1. Siku hizo ndizo lifti hupatikana kwa urahisi kuliko zote, na ndizo ajali hutokea zaidi, kwa haraka, ulevi na uchovu. Ukiona dereva ana chupa kati ya mapaja, sema umesahau kitu sheli, ushuke. Uongo huo Mungu atausamehe.

Usiku msisafiri kabisa. Hili sitalirudia kwa upole. Jua likizama, wanyama husogea barabarani: tandala, choroa, ngiri, na kule kaskazini punda na ng'ombe wasio na mchungaji. Tandala dume ana uzito wa zaidi ya kilo mia mbili, na akimulikwa huruka kuelekea kwenye taa badala ya kukimbia. Gari dogo likimgonga, mnyama huingia kupitia kioo cha mbele. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na majira ya baridi saa kumi na mbili jioni giza limekaribia au limeshaingia. Hesabuni hivi: kama hadi saa tisa alasiri hamjapata gari litakalowafikisha mjini kabla ya giza, basi safari ya siku hiyo imekwisha. Tafuteni pa kulala.

Mkiingia kwa Katima Mulilo mtapita ule ukanda mwembamba uliokuwa ukiitwa Caprivi, ambao mkoa wake tangu mwaka 2013 unaitwa Zambezi. Ukanda huo unatuhusu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana vitu visivyo vyao: Zanzibar ikawekwa chini ya Uingereza, Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland na njia ya kufikia mto Zambezi. Leo sehemu kubwa ya njia hiyo, kati ya Kongola na Divundu, iko ndani ya hifadhi ya Bwabwata. Ni karibu kilomita mia mbili za lami iliyonyooka, na tembo huvuka watakavyo. Jioni moja niliwakuta vijana wawili wakitembea hapo kwa miguu, begi mgongoni, maji yameisha. Pikapu iliyowabeba ilikuwa imekata kona kwenda kijijini kwa dereva wake, nao waliona aibu kwenda nayo na kuomba pa kulala. Niliwapandisha, na mbele kidogo tulisimama kusubiri kundi la tembo livuke. Hawakusema neno mpaka Divundu. Funzo ni hili: kabla ya kupanda, uliza gari linaishia wapi hasa. Jina la mji wa mbele halitoshi. Kama linaishia porini, subiri jingine.

Kusini ya Rundu, pale Mururani, mtakuta geti la mifugo. Nyama mbichi kutoka kaskazini haivuki kwenda kusini, ni sheria ya kuzuia magonjwa ya mifugo. Msimtie dereva matatani kwa kuficha nyama kwenye begi. Na kwenye vizuizi vya polisi abiria naye huulizwa, kwa hiyo pasipoti iwe karibu. Mpakani soma muhuri kabla hujaondoka dirishani, kwani ofisa huandika siku alizokupa, na zinaweza kuwa pungufu ya ulizoomba. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebeni, na dawa na chandarua cha kujikinga na malaria, maana kule kaskazini ipo. Masharti ya viza ulizeni ubalozi wao uliopo Dar es Salaam, msiulize mitaani.

Lifti ina mwisho wake, na wengi hawalijui hilo mpaka wamekwama. Zaidi ya robo tatu ya barabara za nchi ile hazina lami, na vivutio mnavyovitamani viko huko. Kwenda Sesriem, lango la Sossusvlei, hakuna basi la umma. Kutoka langoni hadi mchangani ni zaidi ya kilomita 60, na watalii wenye magari ya kukodi wamejaza viti kwa mahema na majokofu. Ndani ya hifadhi ya Etosha huruhusiwi kutembea kwa miguu wala kushuka garini nje ya maeneo yaliyotengwa, na malango hufungwa jua linapozama. Kule Lüderitz kuna eneo la almasi ambalo Wajerumani walilifunga tangu mwaka 1908. Mtu haingii sehemu zilizofungwa bila kibali, na "nilipotea" si utetezi.

Kwa sehemu hizo, bei nafuu ya kweli ni kuungana. Wanne mkikodi gari dogo moja Windhoek kwa siku chache, mkapika wenyewe na kulala kwenye viwanja vya kupiga kambi, kila mmoja atalipa kidogo kuliko anayekaa njia panda siku tatu akila biskuti za sheli. Someni mkataba: mara nyingi matairi na vioo havimo kwenye bima, na changarawe hupenda vitu hivyo viwili. Sheria inaruhusu kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya vumbi. Ninyi endesheni 80 au chini. Changarawe huviringika chini ya tairi, na mgeni akishtuka akakata usukani, gari hupinduka hata bila kugonga kitu. Kaskazini ya Swakopmund kuna barabara za chumvi, nyeusi kama lami. Ukungu ukizilowesha huteleza kama sabuni.

Walio wanawake kati yenu nasema nao kando. Wanangu wa kike, msipande mmoja mmoja. Mwaka 2020 vijana wa Windhoek waliingia barabarani siku kadhaa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na walijua wanachokisema. Pandeni wawili au zaidi, ikiwezekana kwenye gari lenye mama ndani. Piga picha namba ya gari mbele ya dereva, waziwazi, mtumie ndugu. Dereva mwema hatachukia, na atakayechukia amekujibu. Fanyeni hivyo kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu kilomita chache mbele mtandao hukata. Namba ya polisi ni 10111. Na ninyi wa kiume, hayo si ya wasichana peke yao: ukiwa katikati ya Windhoek, begi na simu vitakutoka usipoangalia.

Chakula kisiwatie hofu. Katutura, mtaa wa Windhoek, pale soko la Single Quarters, nyama huchomwa mbele yako, wao huiita kapana, ukala na chumvi ya pilipili kwa pesa kidogo. Ugali wao wa uwele, mahangu, utawashibisha. Randi ya Afrika Kusini hutumika Namibia sawa kwa sawa na dola yao, lakini dola yao ukitoka nayo nje haina soko, kwa hiyo itumieni iishe. Bebeni noti ndogo. Dereva hana chenji, wala mama wa kapana.

Hapo nifike kwenye adabu. Kusafiri kwa bei nafuu kusiwe kumhamishia maskini gharama zako. Mtu akikukaribisha kwake Ondangwa au Katima, amekupa chakula kilichohesabiwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: teka maji, pasua kuni, nunua unga, au ondoka. Usimpige picha mama wa Kihimba kule Opuwo kama unayepiga picha twiga. Omba, na akitaka malipo mlipe au uache. Kubishana na mama kwa randi tano ili uje kujisifu mtandaoni kwamba ulisafiri kwa bei ya chini ni ubahili uliovaa kofia ya ujasiri.

Tena kumbukeni mnakwenda kwa watu waliowahi kuwa wageni wetu. Sam Nujoma, kiongozi wao wa kupigania uhuru, alipotoka nchini mwake mwaka 1960 alifika Tanganyika, na chama chake cha SWAPO kikapata ofisi Dar es Salaam na kambi Kongwa. Rais wao wa sasa, Netumbo Nandi-Ndaitwah, aliiwakilisha SWAPO hapa katika miaka ya 1980. Wapo wazee kule wenye maneno ya Kiswahili waliyoyaokota Kongwa wakiwa vijana, na mkisema mmetoka Tanzania huenda mkapata kiti na chai. Wema huo ulilipiwa na babu na bibi zenu waliowapokea. Msiutumie ovyo, kuna wengine watakuja baada yenu.

Basi nendeni, wanangu. Jipeni wiki mbili zaidi ya mlizopanga, maana mwenye haraka ndiye hupanda gari bovu usiku. Wekeni kando nauli ya basi la kurudi, ishoneni ndani ya nguo, isiguswe hata kwa njaa. Jazeni maji kila sheli, semeni bei kabla ya kupanda, saa tisa alasiri ikiwakuta bado mnasubiri gari, laleni palipo na watu. Na kila mji mkifika, mpigieni mama yenu simu. Yeye hakuomba lifti, lakini safari hiyo nzima atakuwa amekaa njia panda.